Safari ya viungo: Gari la kampuni, daladala na fungu la mkulima

BIASHARA ya kuwatembeza wageni katika mashamba ya viungo ya Unguja si ngeni, na kwa familia nyingi za Bara ndiyo safari ya kwanza inayokuja akilini wanapovuka bahari kwa mapumziko ya siku mbili tatu. Wanafika jioni, wanakula Forodhani, na asubuhi wanauliza: kule kwenye karafuu watu wanafikaje? Jibu hutegemea nani amelisikia swali. Mpokeaji wageni wa hoteli atasema ziara ipo, gari litakuja mlangoni saa tatu. Papasi aliyesimama pembeni atasema, "Kaka, usihangaike, jamaa yangu ana kampuni, nitakufanyia bei ya ndugu." Muuza kahawa wa barazani, ambaye hana anachopata, atasema, "Panda gari la Bububu, mwanangu, ukishuka ulizia Kidichi."

Wote watatu wanasema kweli. Tofauti iko kwenye bei, kwenye muda, na kwenye jambo moja lisilozungumzwa sana, nalo ni nani anayebaki na fedha baada ya mgeni kuondoka. Kwa anayepanga safari ya siku moja, suala hili linaweza kuonekana dogo: nauli kidogo ya daladala kwa upande mmoja, makumi ya maelfu ya shilingi kwa upande wa pili, basi mtu achague kwa kadiri ya mfuko wake. Kwa mwenye mikarafuu, midalasini na mikungumanga ambayo wageni huja kuinusa, ni suala la kama shamba litakuwepo miaka kumi ijayo au litakuwa limekatwa viwanja.

Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya 700,000 mwaka 2024, mbali na Watanzania wanaovuka kutoka Bara. Ziara ya viungo imo katika orodha ya karibu kila kampuni ya utalii pale mjini. Mkulima wa mahindi husubiri mavuno ndipo aione fedha, lakini hapa zao linaingiza fedha likiwa bado juu ya mti, msimu wa karafuu na usio wa karafuu. Kwa hiyo ni haki kuuliza fedha hiyo inakwenda wapi.

Chukua mfano wa kundi la watu sita, kila mmoja akitozwa dola 20 kwa ziara ya nusu siku pamoja na chakula cha mchana. Hizo ni dola 120. Mfano huu ni wa hesabu tu, kwa kuwa bei hubadilika kwa msimu, kwa ukubwa wa kundi na kwa ustadi wa mgeni katika kupatana. Ndani ya dola hizo kuna gari na mafuta, kuna dereva, kuna mwongozaji, kuna mama aliyepika pilau, kuna leseni na kodi za kampuni, na kuna kamisheni ya aliyemleta mteja, awe hoteli au papasi. Kiingilio cha shamba kinakuja mwishoni mwa foleni. Tena mara nyingi si fedha ambayo mgeni anaiona ikitolewa. Mwongozaji humalizana na mwenye shamba pembeni, kwa bei waliyokubaliana wao kwa wao, wakati mgeni akivishwa kofia ya makuti na kupigwa picha.

Mgeni huondoka akiamini kwamba amelipia shamba. Sehemu kubwa ya alicholipa ni usafiri, chakula na udalali, na shamba limewekwa kama kitoweo juu ya wali. Ndiyo maana mwisho wa matembezi huwa kuna meza yenye vifurushi vya viungo, sabuni na mafuta ya mchaichai, na kijana aliyepanda mnazi huku akiimba husimama karibu akisubiri chochote. Wapo wageni wanaolalamika kwamba wanasukumiwa bidhaa. Malalamiko hayo yana haki yake, lakini wangeijua hesabu ya shamba wangeelewa kwamba kwa wengi wa watu wale, ile meza na kile "chochote" ndiyo mishahara yao.

Linganisha na karafuu yenyewe. Zao hilo kisheria lina mnunuzi mmoja, Shirika la Taifa la Biashara Zanzibar (ZSTC), na tangu mageuzi ya mwaka 2011 sera imekuwa kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Mtu anaweza kuupinga utaratibu wa mnunuzi mmoja, na wanaoupinga wana hoja nzito, lakini mkulima wa Pemba anapofikisha gunia kituoni analijua fungu lake. Mwenzake wa Kizimbani, ambaye mkarafuu wake unapigwa picha asubuhi na mchana, hana asilimia yoyote anayoweza kuitaja.

Sasa njia ya muuza kahawa. Daladala za Unguja zimezoeleka kwa namba zake: 502 ni Bububu, 116 ni Nungwi, 309 ni Jambiani, 310 ni Makunduchi. Bububu iko takriban kilometa kumi kaskazini mwa mji. Hapo barabara inaingia ndani, inapanda taratibu kwenye minazi na mikarafuu, na baada ya kilometa kama nne msafiri yuko Kidichi, kwenye mahamamu ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi katikati ya karne ya 19. Mbele kidogo ni Kizimbani, ambako Serikali ina kituo cha utafiti wa kilimo, na ambako mikarafuu ilipandwa mapema mno, mwanzoni mwa karne hiyo hiyo. Mwenye miguu mizima anatembea kutoka Bububu. Asiyetaka anachukua bodaboda au gari lolote linaloelekea huko.

Si mara ya kwanza kwa njia hii kubeba watalii na wachuuzi kwa pamoja. Mwaka 1905 ilianza kazi reli iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani kutoka mjini hadi Bububu, maili saba hivi. Abiria wa meli zilizotia nanga bandarini waliwekewa behewa la daraja la kwanza ili waione nchi kabla meli yao haijang'oa, na wenyeji walipanda mabehewa mengine na mizigo yao ya sokoni. Reli hiyo ilikufa katika miaka ya 1920, barabara na magari yalipoishinda. Leo mgeni anaupita ule ule mwambao ndani ya gari lenye vioo vyeusi, na mwenyeji yuko kwenye daladala nyuma yake.

Hata hivyo, anayedhani kwamba ataokoa fedha kwa kuteremka Kidichi na kujizungusha peke yake atarudi mjini akiwa ameona majani. Shamba la viungo halina alama. Kungumanga likiwa mtini linafanana na tunda lolote la njano, na mpaka mtu mwenye kisu alipasue ndipo utaiona basibasi nyekundu imeikumbatia mbegu kama wavu. Pilipili manga ni mtambaazi uliojishikiza kwenye shina la mti mwingine, na mgeni anaupita bila kuugusa. Mzizi wa mdalasini ukikwaruzwa unanuka kama dawa ya mafua, tofauti kabisa na gome lake, jambo ambalo hakuna mtu anayeligundua kwa kuangalia. Vanila ndiyo kichekesho zaidi: ua lake hufunguka kwa siku moja tu, na huku kwetu Afrika, ambako hakuna mdudu wake wa asili wa kulichavusha, ni lazima mkono wa mtu ufanye kazi hiyo, ua moja baada ya jingine. Mkulima anayekueleza hayo akiwa amelishika ua lenyewe anauza bidhaa, na bidhaa hiyo ni ujuzi.

Hapo ndipo mjadala wa "ziara au daladala" unapopotea njia, kwa sababu unachanganya vitu viwili. Usafiri ni kitu kimoja, mwongozaji ni kitu kingine. Kwa shamba la viungo mwongozaji ni wa lazima. Gari la kumfikia si lazima liwe la kampuni. Mtu anayepanda daladala hadi Bububu, akafika shambani, akakubaliana na wenyewe ana kwa ana kiingilio na ujira wa kutembezwa, anaweza kutumia nusu ya fedha ambazo angelipa mjini na bado akamwachia mkulima zaidi ya anachopata kutoka kwa kundi lililoletwa. Wote wawili wanafaidika kwa sababu ile foleni ya katikati imefupishwa.

Kuna kikwazo, na hakifai kufichwa. Waongozaji wa wageni wanatakiwa kuwa na leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Utaratibu huo ni mzuri. Bila huo kila papasi angejiita mwongozaji, na ulaghai mjini ungezidi. Lakini kijana aliyezaliwa ndani ya shamba, anayeijua kila mikarafuu kwa umri wake, akikosa kitambulisho anabaki kuwa msaidizi wa kubeba majani na kusuka kofia, huku mwenye kitambulisho aliyetoka mjini akisimulia. Ingefaa pawepo leseni ya daraja la shamba, ya bei nafuu, inayomruhusu mtu kuongoza ndani ya eneo lake tu. Mafunzo ya wiki chache ya lugha na huduma ya kwanza yangetosha. Hakuna ugumu wa kitaalamu katika hilo, kuna ugumu wa nani apoteze.

Jozani inaonyesha kwamba inawezekana. Msitu huo, ambao mwaka 2004 ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka, una eneo la kilometa za mraba 50 hivi na ndiyo makazi makuu ya kima punju, ambaye hapatikani popote duniani nje ya Zanzibar. Lango lake liko kando ya barabara kuu ya kusini, kilometa kama 35 kutoka mjini, na daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita hapo hapo. Mgeni anateremka, analipa kiingilio getini, anapewa stakabadhi, na mwongozaji wa hifadhi anampeleka kwa kima na kwenye daraja la mbao la mikoko. Aliyekuja na kampuni na aliyekuja na 310 wanatembea njia moja na kuelezwa mambo yale yale.

La muhimu zaidi ni kwamba sehemu ya mapato ya lango lile imekuwa ikigawiwa vijiji vinavyouzunguka msitu, wakiwemo wakulima ambao kima hula mazao yao. Mgawo huo haukukosa manung'uniko; kila mwaka wapo wanaosema fungu ni dogo, na wapo wanaosema linachelewa. Lakini wananung'unikia kitu kinachojulikana. Kwa Jozani, basi, mtu mzima mwenye afya anayezungumza Kiswahili hana sababu kubwa ya kulipia gari la ziara. Anacholipia zaidi ni kiyoyozi.

Kwa visiwa habari ni nyingine. Changuu, kwenye kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, hakuna daladala inayofika; ni mashua, na busara ni kuungana na wengine ili kugawana gharama. Pomboo wa Kizimkazi wanataka kuondoka alfajiri, hivyo anayelala mjini atalazimika kuwa na gari. Ufukwe wa Nungwi hauhitaji maelezo ya mtu yeyote, na gari la 116 linafika.

Daladala nayo ina tabia zake, na anayeipanda lazima azijue. Inaondoka ikijaa. Inasimama kwa kila anayepunga mkono, na kwa kila gunia la mihogo linalotakiwa kupandishwa juu. Asubuhi magari mengi yanatoka mashamba kwenda mjini na alasiri yanarudi, maana yake mgeni anasafiri kinyume na mkondo: kwenda ni rahisi, kurudi jioni ndiko kunakotaka akili. Anayekwenda Jambiani au Makunduchi inafaa aulize kondakta gari la mwisho kurudi ni saa ngapi kabla hajashuka, si baada ya kuoga bahari. Ijumaa mchana mambo hupoa kwa ajili ya sala. Mwezi wa Ramadhani, magharibi ikikaribia kila mtu anawahi kufuturu, na stendi hukauka ghafla.

Kwa sababu hizo wapo watu ambao daladala si yao. Mtu aliyevuka na boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam na anataka kurudi na ya alasiri siku hiyo hiyo asicheze na muda, kwani tiketi aliyoikosa na kitanda cha dharura mjini ni ghali kuliko ziara yoyote. Wazee, watoto wachanga na mwalimu mwenye wanafunzi arobaini wanahitaji gari linalowasubiri. Mgeni asiyejua Kiswahili wala mji, mwenye siku moja tu, atanunua ziara na atakuwa amefanya vizuri. Huyo hanunui gari tu, ananunua mtu wa kumlaumu mambo yakiharibika, na hiyo ni huduma halali.

Kwa familia ya watu watano kutoka Mwanza au Dodoma kuna njia ya tatu ambayo haitangazwi na mtu. Wakodi teksi kwa nusu siku, kwa bei ya gari zima badala ya bei ya kichwa, na wakifika shambani wamlipe mwenye shamba wao wenyewe. Ziara inayouzwa kwa kichwa huwaumiza wenye watoto wengi. Gari moja halijali kama lina mtu mmoja au watano. Wapo madereva wanaopendelea kampuni kwa sababu ya kazi za kila siku, lakini wengi hawatakataa. Sharti ni kukubaliana kabisa kwamba dereva hachagui shamba, la sivyo kamisheni inarudi kwa mlango wa nyuma.

Makampuni ya utalii yana utetezi wao, na sehemu yake ni ya kweli. Wao ndio walioitangaza ziara ya viungo nje, wakachapisha vipeperushi, wakahudhuria maonyesho ya utalii. Bila magari yao wageni wengi wasingeifahamu Kizimbani, na mkulima angeuza manjano yake sokoni kwa bei ya sokoni. Aidha, kampuni inalipa leseni na kodi, wakati papasi halipi. Yote hayo yanakubalika. Yasiyokubalika ni kwamba bei ya shamba iwe siri kati ya mwongozaji na mwenye shamba, kwa sababu siri hiyo humnufaisha anayenunua kila mara. Mkulima akikataa bei leo, kesho gari litapita mbele ya lango lake kwenda kwa jirani. Peke yake hana nguvu ya kupatana.

Na ardhi haisubiri. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na familia nyingi zikapewa eka tatu tatu kwa ajili ya kilimo. Mji umepanuka tangu wakati huo. Anayetoka mjini kwenda Bububu leo haoni tena mahali ambapo mji unaishia, na kwenye barabara za kuelekea ndani nyumba za matofali zimeshaingia katikati ya minazi. Serikali imekemea mara kwa mara ukataji wa mashamba ya eka tatu kuwa viwanja, na mara kwa mara viwanja vimeendelea kukatwa. Mtu anayeambiwa na dalali kwamba robo eka yake itamlipa kwa mkupuo zaidi ya alichokipata kwa watalii katika miaka mitano hahitaji hotuba ya uzalendo. Anahitaji hesabu inayomwonyesha vinginevyo.

Hasara yake haitaonekana mara moja. Mkungumanga huanza kuzaa vizuri baada ya miaka saba hadi tisa, na mkarafuu nao hautofautiani sana. Mti uliokatwa leo kupisha msingi wa nyumba hautapata mbadala katika muda wa maisha ya gari moja la kampuni. Mashamba yakipungua, magari yale yale yatarundikana kwenye machache yaliyobaki, na dalili hizo zipo tayari: kundi moja linatoka kwenye mdalasini, jingine linasubiri zamu, na mwongozaji wa tatu anafupisha maelezo ili awahi pilau. Mfanyabiashara wa utalii anayemlipa mkulima kidogo anakula mbegu.

Basi yafanyike mambo machache, na hayahitaji fedha nyingi. Wakulima wanaopokea wageni katika Wilaya ya Magharibi A waunde ushirika wa kupanga kiingilio kimoja, kwa kichwa, kwa shilingi, cha mgeni wa nje na cha Mtanzania, na kiandikwe langoni kama kilivyoandikwa Jozani. Kampuni inayoleta kundi ilipe hicho hicho, kwa stakabadhi. Kamisheni ya Utalii iyatake makampuni yaandike kwenye tiketi ya ziara kiasi kinachokwenda shambani. Mgeni wa Ulaya ambaye kwao amezoea kulipa zaidi kwa kahawa yenye nembo ya biashara ya haki hatashtushwa na mstari mmoja wa ziada kwenye tiketi. Huenda hata akachagua kampuni kwa sababu ya mstari huo.

Kuhusu usafiri, wamiliki wa daladala hawaendi pasipo abiria, na hawalaumiwi. Lakini Jumamosi na Jumapili, na hasa siku za sikukuu, watu wa mjini wenyewe hutafuta pa kupeleka watoto. Wengi wao hawajawahi kuiona basibasi ikiwa mtini, ingawa wanaila kwenye biriani. Gari moja lenye ratiba, linalotoka mjini asubuhi hadi Kizimbani kupitia Bububu na Kidichi na kurudi saa nane, lingejaribiwa kwa msimu mmoja. Likikosa abiria liondolewe. Likijaa, wakulima watakuwa wamepata wateja ambao hakuna aliyewaletea, na wasiopungua hata msimu wa wageni unapokuwa mkavu.

Wakati hayo yanasubiriwa, msafiri ana maswali mawili ya kumuuliza yeyote anayemuuzia ziara, kabla ya kutoa fedha: tunakwenda shamba la nani, na mwenyewe analipwa kiasi gani kwa kila mtu? Muuzaji anayejibu moja kwa moja ana uwezekano mkubwa wa kuwa na makubaliano yasiyo na aibu. Anayesema "hilo limo humo humo, mama, usijali" amekwishajibu.

Pale Bububu barabara ya Kidichi inapoachana na barabara kuu, ubao wenye majina ya mashamba, umbali wa kila moja na kiingilio chake ungewatosha wote wanaoshuka kwenye 502. Baraza la Manispaa linaweza kutoa kibali na wakulima wakachangia bati na rangi. Wageni huanza kuongezeka Juni, masika yakiisha na njia za mashambani zikikauka, na ubao wa namna hiyo hauchukui mwezi kusimamishwa.